Ulimi, Joto na Mzizi

Hapo zamani, na simaanishi ile zamani ya sungura kumlaghai fisi, nasema hii ya juzijuzi ambayo mashahidi wake bado wanatembea kwa miguu yao, palikuwa na mji mmoja wa milimani, mji wa mashamba ya chai. Jina lake nalijua. Silitaji, kwa sababu wenyeji wake mpaka leo hawajamaliza kugombana juu ya jambo hili, na mimi sitaki kuvutwa shati. Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na sitamwonea mtu haya.

Mwaka huo mji uliingiliwa na homa ya watoto. Ilimshika mtoto, ikamchemsha, ikamwacha, ikamrudia, na kila iliporudi ilimkuta amepungua. Dawa yake ilikuwepo. Sikilizeni vizuri: dawa ilikuwepo! Dawa ya maji, ya kunywa, na sindano yake haikuwahi kutengenezwa. Lakini dawa hiyo ilikuwa chungu, jamani. Shubiri ilikuwa na nafuu. Mtu mzima aliinywa akishikilia ukuta. Mtoto akinyweshwa, anatapika. Akinyweshwa tena, anatapika tena. Ukiitia asali, unapata asali chungu. Ukimbana pua atameza, halafu atairudisha yote kifuani kwa mama yake. Na dawa iliyotapikwa haiponyi mtu. Kwa hiyo watoto walikuwa wanakufa na chupa ya dawa imesimama mezani, imejaa. Mambo hayo yanatia hasira hata kuyasimulia.

Palikuwa na maabara mjini hapo, na mkuu wake alikuwa Daktari Kallaghe, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, asiyejua kubembeleza. Alisema, "Ugonjwa tumeuweza. Kinachotushinda ni ladha." Akaamua kutafuta kitu ambacho kikichanganywa na dawa, ulimi usiuone ule uchungu, na dawa ibaki na nguvu zake.

Sasa utajuaje ni kitu gani kinaficha uchungu? Utaniambia, "Onja." Onja wewe! Vitu vya kujaribu vilikuwa mamia, vingine ni sumu, na ulimi wa mtu ukishaonja vichungu vichache unachoka, kila kitu unakiona kichungu, hata maji. Daktari akataka ulimi usiokuwa na mtu.

Msicheke, upo. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo zinaitwa seli. Ukichukua seli za ulimi, zile zinazojua uchungu, ukazilisha maji yenye lishe, ukaziweka kwenye kabati lenye joto lile lile la mwili, zinaishi na kuzaana ndani ya chupa. Ukizitia rangi maalumu, kisha ukazidondoshea kitu kichungu, zinang'aa kijani chini ya hadubini. Hazina mdomo, lakini zimesema, "Chungu!" Ukizidondoshea dawa pamoja na kitu kingine, nazo zikabaki gizani, basi kitu hicho kimeuficha uchungu.

Au zimekufa. Hilo nalo mlishike, maana seli iliyokufa haing'ai.

Haya, seli zitoke kwenye ulimi wa nani? Daktari alijikata za kwake mwenyewe. Zikafa. Akakata za mpimaji wake. Zikaishi, lakini zilikuwa bubu, hazikung'aa hata zilipodondoshewa nyongo. Ndipo watu wakamwambia, "Unahangaika bure, daktari. Ulimi unaoutafuta uko kiwandani."

Alikuwa Bi Nakiete, mwonjaji wa kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa kufyonza chai kwa kijiko, kwa kelele za kuudhi, akaisukasuka mdomoni, akaitema, akasema, "Hii imechumwa juzi ikalala. Hii imekaa karibu na mafuta ya taa." Na hakukosea. Jirani akipika mboga ikaingia jani moja chungu la mchunga, Bi Nakiete alilijua kabla hajameza. Majirani hawakupenda kumkaribisha, na mimi siwalaumu.

Daktari akamfuata. Bi Nakiete akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, fundi cherehani utamwomba kidole?"

"Ni kipande kidogo, mama. Kama punje ya dengu."

"Punje yako hiyo ndiyo inayonilisha. Nenda salama."

Daktari akaenda. Muda ukapita, watoto wakazikwa, na Bi Nakiete akawa anafyonza chai yake. Halafu homa ikaingia nyumbani kwake. Ikamshika Nietiwe, mjukuu wake, yatima aliyeachwa na bintiye wa pekee. Bi Nakiete akajaribu kumnywesha dawa, akatapikiwa. Akajaribu tena, akatapikiwa tena. Akavaa kanga zake, akaenda maabara, akakaa kitini, akatoa ulimi.

"Kata, kwa ajili ya Nietiwe," alisema.

Wakakata. Seli za Bi Nakiete zikaishi. Zikazaana. Zikidondoshewa dawa, zinang'aa mpaka daktari anajikinga macho. Lakini kidonda kilipopona na Bi Nakiete akarudi kiwandani, alifyonza chai na chai haikumwambia kitu. Akafyonza nyingine, kimya. Akabahatisha, akakosea mbele ya wanunuzi. Meneja akamhamishia kwenye kufunga pakiti. Huyo ndiye wa kwanza, na ulimi ni wake.

Wa pili alikuwa Mwantumu, mlezi wa seli. Ndivyo walivyomwita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzilisha, kuzibadilishia maji, kuzihamisha chupa zikisongamana. Alizisemesha. "Mmeamkaje, wanangu?" Daktari hakupenda mambo hayo, lakini aliona kwamba seli zilizolelewa na wengine zinasinyaa na za Mwantumu zinanawiri, akanyamaza. Nyumbani Mwantumu alikuwa na mtoto wa kuzaa, Mbaruku, bado ananyonya. Naye homa ilikuwa imemshika.

Siku moja ya mwanzo wa masika ikaja dhoruba, adhuhuri, mvua ya kupasua mabati. Umeme ukakatika. Si kitu, maabara ina jenereta. Likavutwa, likakohoa, likazima. Halikuwa na dizeli. Na zamu ya kuangalia dizeli siku ile ilikuwa ya nani? Ya Mwantumu. Alikuwa amechelewa asubuhi, mtoto alikuwa amekesha akilia, akapita mbio bila kuangalia.

Kabati la joto likaanza kupoa. Daktari alikuwa vijiji vya mbali kwa wagonjwa, na maji yamefunga barabara. Shemhina, yule mpimaji, akachukua dumu akakimbilia mjini kutafuta dizeli, naye akanasa ng'ambo ya mto. Mwantumu akabaki peke yake na chupa za seli, na chupa zinapoa. Hawezi kuziokoa zote. Akachagua moja, iliyojaa seli vizuri kuliko nyingine, akaifunga kwa kitambaa safi, akaiweka kifuani, nyama kwa nyama, akajibana kwa kanga, akakaa wima bila kutikisika. Joto la mwili ndiko zilikotoka, akazirudishia joto la mwili.

Hapo mama yake mzazi akaingia amelowa chapachapa, amembeba Mbaruku.

"Mwantumu, mtoto anakataa uji. Mpe ziwa. Mweke kifuani."

Mwantumu akamgusa mtoto. Alikuwa moto kama jiko. Na seli, ndugu zangu, baridi inaziua, na joto la homa nalo linaziua. Mtoto yule akilala kifuani pake, chupa itachemka.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kumpokea. Nikimpokea, hizi zinakufa. Zikifa, hakuna dawa yake wala ya mtu mwingine."

"Basi nipe mimi hicho kichupa chako, umnyonyeshe mwanao!"

Mwantumu akaitazama mikono ya mama yake. Ilikuwa ya baridi, inatetemeka kwa uzee na mvua, na chupa ikitikisika seli zinabanduka. "Hapana, mama," alisema. "Mkalishe pale. Mpe maji kwa kijiko." Mtoto akalia akimtazama, Mwantumu akakaa akimtazama, maziwa yakimtoka yakilowesha kanga. Mpaka umeme uliporudi, kesho yake, Mbaruku hakunyonya. Alilia mpaka sauti ikakauka, na tangu siku hiyo hakurudia hali yake. Huyo ndiye wa pili, na joto ni lake.

Shemhina aliporudi na dumu lake, umeme nao ndio kwanza umerudi, aliikuta hali hiyo. Akamwona Mwantumu na chupa kifuani, akamwona mtoto kwenye mkeka. Na Shemhina alikuwa na siri.

Nitawaeleza siri ya wanaume wa mji ule, na wakiniuliza nitasema nimeipata kwenu. Kijana wa pale akienda kuposa huwekewa bakuli la mchuzi wa ukweni. Unapikwa kwa majani machungu yanayotisha hata mbuzi. Anaunywa mbele ya wazee wa mke. Akikunja uso, posa imekwisha. Akiunywa mpaka chini, wazee wanatikisa vichwa: "Huyu atavumilia ndoa." Sasa, asubuhi ya siku hiyo shangazi yake kijana humvuta pembeni, anampa kipande cha mzizi, anamwambia, "Tafuna, tema, nyamaza. Usimwambie mtu mpaka kaburini." Kijana anatafuna. Anafika ukweni, anakunywa mchuzi kama anakunywa maji. Na kwa kuwa kila shangazi anasema nyamaza, kila mwanamume wa mji ule aliamini kwamba yeye peke yake ndiye tapeli na wengine wote ni mashujaa. Wameishi hivyo vizazi na vizazi, wakiheshimiana kwa uongo!

Shemhina alikuwa mpimaji. Kila siku alidondosha vitu kwenye seli za Bi Nakiete, maganda, magome, unga wa viwandani, na kila siku ziling'aa kijani: chungu, chungu, chungu. Na kila siku alijua kwamba upo mzizi, na mabaki yake aliyahifadhi kwenye sanduku lake la harusi. Hakusema. Angesemaje? Baba mkwe wake, Mzee Kaniki, alikuwa anamsifu kwenye kila hafla: "Mkwe wangu huyu! Aliunywa mchuzi bila kupepesa!"

Siku ile ndipo aliposhindwa. Akaenda nyumbani, akafungua sanduku, akarudi na mzizi, akausaga, akaukamua. Daktari naye alikuwa amefika. Wakachukua seli zilizookolewa kifuani kwa Mwantumu, wakazidondoshea dawa pamoja na maji ya mzizi. Daktari akainamia hadubini.

Giza.

Akangoja. Giza tupu. Akainua kichwa. "Zimekufa," alisema. "Baridi imeziua. Tupeni."

"Hazijafa," alisema Mwantumu.

"Mwantumu, naona kwa macho yangu."

"Nimezibeba, daktari. Hazijafa. Zioshe. Uondoe mzizi wote, uzipe dawa peke yake."

Daktari alitaka kukataa, lakini akamtazama Mwantumu na kanga yake iliyolowa maziwa, akakubali. Shemhina akaziosha. Zilikuwa ndizo za mwisho duniani. Akadondosha dawa peke yake. Daktari akainama.

Zikang'aa. Sahani nzima ya kijani!

Zilikuwa hai. Zilikuwa hai tangu mwanzo, na walikuwa wameambiwa "si chungu" kwa mara ya kwanza wakadhani ni mauti. Mwantumu akaketi sakafuni akalia. Daktari Kallaghe, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alicheka.

Kisha akamgeukia Shemhina. "Mzizi huu una madhara?"

"Hauna."

"Umejuaje?"

Ikabidi aseme. Akasema yote, mchuzi, shangazi, sanduku. Katika mji ule ukuta una masikio, na habari zilimfikia Mzee Kaniki kabla ya sala ya jioni. Mzee akaja juu. Akafika nyumbani kwa Shemhina na fimbo. "Umeninywea mchuzi kwa hila! Ndoa ya hila si ndoa!" Akamchukua binti yake, akamchukua na mjukuu, Mbelwa, mtoto wa miaka minne ambaye naye alikuwa anaumwa homa, akawapeleka kwake. Kama Mzee Kaniki mwenyewe aliwahi kuutafuna mzizi, hilo mkamuulize shangazi yake. Mimi mtu mwenye kelele nyingi huwa nina mashaka naye. Lakini Shemhina alibaki na nyumba tupu na kicheko cha mji mzima. Huyo ndiye wa tatu, na mzizi ni wake.

Mnadhani hadithi imeisha, watoto wamepona, tule pilau? Subirini.

Mzizi ule unachimbwa kiangazi tu. Masika yakishaanza unajaa maji, nguvu yake inapotea. Wakachimba, wakakamua, seli zikang'aa kana kwamba hawakutia kitu. Kwa hiyo mzizi ulikuwa ni kile kipande cha sandukuni, basi. Daktari akakitumia chote, akachanganya na dawa, ikapatikana chupa moja. Chupa ya kumtibu mtoto mmoja, mwanzo hadi mwisho. Na daktari akasema itakwenda kwa mmoja wa watoto wa wale watatu walioitolea.

Mtasema waigawe. Hata wao walisema. Daktari akawajibu, "Dozi pungufu haiui homa hii, inaifundisha. Nikigawa, nitawaua wote watatu, na nitawaachia majirani homa isiyosikia dawa." Mtasema wapige kura ya bahati. Nalo walilisema. Daktari akasema, "Kura haina macho. Mimi ninayo. Nielezeni."

Wakakaa ofisini kwake, na chupa katikati ya meza. Chumba cha pili walilala watoto wao watatu, Nietiwe, Mbaruku na Mbelwa.

Bi Nakiete akasema, "Ulimi ni wangu. Bila ulimi wangu, Mwantumu angelea nini? Shemhina angedondoshea mzizi wake wapi, kwenye meza? Mlinikata kitu kisichoota tena. Nilikuwa mtu naitwa kutoka miji mingine nikaonje, leo nafunga pakiti na wasichana wananionea huruma. Sikuomba shukrani. Nilitoa ulimi kwa ajili ya Nietiwe, na nilisema hivyo hivyo, 'Kata, kwa ajili ya Nietiwe.' Mama yake nimemzika. Huyu nikimzika, sina wa kunizika mimi."

Mwantumu akasema, "Joto ni langu. Ulimi wako, bibi, ungekuwa uchafu wa kumwagwa adhuhuri ile. Mzizi wa Shemhina ungekosa pa kujaribiwa. Na nyinyi mlitoa kabla ya kuyaona maumivu, mimi nilitoa mtoto akinitazama. Alininyooshea mikono nikamnyima. Daktari aliposema tupa, ni nani aliyesema hazijafa? Mwanangu amekuwa hivi kwa sababu ya chupa hii. Akinyimwa hata chupa hii, mimi nitamwambia nini Mungu?"

Shemhina akasema, "Mzizi ni wangu. Ulimi unaonja, joto linatunza, lakini hakuna mtoto anayepona kwa kuonjewa wala kutunziwa chupa. Kilichomo mle ndani kinachoficha uchungu ni mzizi wangu, umetoka kwenye sanduku langu. Nimeupoteza uso wangu, nimempoteza mke. Mbelwa nimeletewa leo kwa nusu siku, amefungwa blanketi la babu yake kama mgeni."

Bi Nakiete akamgeukia. "Wewe usiseme. Kiangazi chote ulikuwa unajua. Kiangazi chote mzizi ulikuwa unachimbika, magunia kwa magunia! Tungekuwa na chupa za mji mzima. Ulikuwa unalinda nini? Sifa za kunywa mchuzi?"

Shemhina akainamisha kichwa. Lakini mtu akibanwa hung'ata. "Na wewe, bibi? Daktari alikuja kwako, ukamwambia nenda salama. Wa wenzio walipokuwa wanakufa, ulimi ulikuwa mali yako. Alipougua wa kwako, ndipo ukatoka."

"Nilikuwa naogopa njaa!"

"Na mimi nilikuwa naogopa aibu."

"Njaa na aibu si kitu kimoja, Shemhina," alisema Mwantumu.

"Na dizeli je, dada?" Shemhina aliuliza, taratibu. "Moto ulioupigania ulizimika kwenye zamu yako mwenyewe. Chupa nyingine zote zilikufa siku ile. Na mama yako alikuomba umpe ile moja, ukakataa. Ungemwamini mama yako, Mbaruku angenyonya."

Mwantumu akafumba macho. "Kila siku najiuliza," alisema. "Pengine ningempa. Pengine mikono yake ingetosha. Sijui. Sitajua."

Daktari akainuka, akaenda chumba cha pili, akawapima watoto mmoja mmoja. Akarudi, hakukaa.

"Nitawaambia kama yalivyo, sijui kusema vingine," alisema. "Mbelwa bado ana nguvu. Akianza dawa leo, huyo atapona, naweza kuapa. Nietiwe yuko kati na kati. Akipewa, nadhani atapona. Mbaruku," akasita, na yeye si mtu wa kusita, "Mbaruku amechoka sana. Hata akipewa, sijui. Wakikosa, hakuna hata mmoja nitakayemwahidi kukifikia kiangazi cha kuchimba mzizi."

Mwantumu akatoa sauti ambayo sitaiiga hapa.

"Sasa nawauliza jambo moja," alisema daktari. "Mtoe wa kwako. Ukimtoa wa kwako, chupa apewe nani?"

Bi Nakiete akafuta mikono kwenye kanga. Mwishowe akasema, "Mpe wa Mwantumu. Nilikuwa na uchungu na ulimi wangu, lakini yule mtoto kanyimwa ziwa."

Shemhina aliitazama chupa, akautazama mlango wa chumba cha pili. "Wa Mwantumu," alisema, na neno lile lilimtoka kama mtu anayeng'olewa jino.

"Na wewe, Mwantumu?"

Mwantumu akafunga upya kanga yake. Daktari akamuuliza tena. Ndipo akasema, "Wananipa kwa sababu wana huruma. Nitapokea, daktari, mimi ni mama, mkono utapokea wenyewe. Lakini nikipokea, na Mbaruku asipone, chupa itakuwa imekwisha na wale wawili watakuwa wanakufa. Nitawatazama vipi hawa? Na nikisema mpe Mbelwa kwa kuwa ana nguvu, basi aliyebaki na nguvu ni yule ambaye baba yake alinyamaza, na aliyekosa nguvu ni yule ambaye mama yake alijitoa. Itakuwa tumewalipa waliokawia. Sisemi, daktari. Usiniulize tena."

Daktari Kallaghe akaichukua chupa. Akaufungua mlango wa chumba cha pili. Watoto watatu wakageuza vichwa kumtazama, hata Mbaruku.

Mimi naishia mlangoni hapo. Msinitolee macho, sitasema alikwenda kitanda gani. Mji ule ulishagawanyika, ndugu hawasalimiani, na mnataka niwabebee mzigo nanyi mkalale? Wala asitokee mtu wa kuniambia Mungu ndiye anayejua. Najua kwamba anajua. Nawauliza ninyi.

Bibi aliyetoa ulimi wake, akachelewa. Mama aliyetoa joto lake, akamnyima mwanawe. Baba aliyetoa mzizi wake, akanyamaza kiangazi kizima. Na watoto watatu ambao hakuna hata mmoja wao aliyechelewa, wala kunyima, wala kunyamaza. Chupa sasa iko mkononi mwako wewe uliyeketi hapo, vitanda ni vitatu, na wote wameamka.

Je, nani alistahili?